Mfuko Mmoja, Wagonjwa Wawili



Mwezi huu nataka tuongee juu ya shida moja ambayo jamaa nyingi zinaibeba kimya-kimya. Watu wanaona haya kuileta mbele ya mchungaji, maana wanafikiri ni mambo ya lupango tu, hayana neno na roho. Shida yenyewe ni hii: nyumbani kuna mfuko mmoja wa feza, na wagonjwa ni wawili. Mtoto ana homa tangu jana, na mbuzi amelala chini, hataki majani. Ama nkambo anahitaji vidonge vyake vya presha, na mbwa anayelinda usiku ameanza kuchechemea. Feza iko ya mmoja tu. Utaanza na nani?

Kijana anayesoma labda atacheka na kusema: "Pasta, hii nayo ni maulizo? Mutu ni mutu, nyama ni nyama!" Ni kweli, nami nitasema hivyo hivyo hapa chini. Lakini ngoja kwanza. Mtoto na mnyama wa nyumba moja hawashindani sana kama tunavyofikiri. Mara nyingi mtoto anaugua kwa sababu mnyama aliachwa bila kinga. Na mara nyingi mtoto anapona kwa sababu mnyama alikuwa mzima, akauzwa, akalipa hospitali.

MBUZI NI BANKI

Hapa Kabimba, kaskazini mwa Kalemie, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, watu wanaishi kwa kazi ya simenti, kwa samaki na kwa shamba. Mwenye kazi anangoja mwisho wa mwezi. Mvuvi wa ndagala anangoja usiku wa giza, maana mwezi ukiwa mkubwa taa zake hazina kazi. Mkulima anangoja mavuno. Lakini malaria haingoji mwisho wa mwezi, wala kuharisha hakuangalii kama mwezi uko juu.

Katika miji ya migodi wazee wanakumbuka siku ambapo kampani ilibeba yote. Union Minière, na baada yake Gécamines, zilikuwa na hospitali, masomo na posho ya unga kwa wafanyakazi na jamaa zao. Lakini kitu kinachoshikwa na kazi kinaanguka pamoja na kazi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kwa jamaa nyingi, mganga wa kampani aliondoka pamoja na mshahara. Watu wakashika jembe, wakafuga kuku, wakafunga mbuzi nyuma ya nyumba.

Tangu siku zile mbuzi amekuwa banki ya wengi wetu. Haandikwi katika kitabu, haombi sahihi. Mama anakwenda kujifungua na inafaa kulipa? Mbuzi anauzwa. Mtoto anatakiwa kuongezwa damu? Mbuzi anauzwa. Basi mbuzi akifa kwa ugonjwa ambao sindano moja ingezuia, usiseme "nyama tu imekufa". Sema: "Feza ya hospitali ya watoto wangu imekufa leo."

NENO LA MUNGU LINASEMA NINI?

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mtu wa haki anajali maisha ya mnyama wake. Kwa hiyo kumtesa mbwa, kumwacha mbuzi na kamba iliyoingia katika nyama ya shingo, kumfunga kuku juani bila maji, hayo yote Mungu anayaona.

Lakini soma tena Luka 13:10-17. Siku ya sabato Yesu alimponya mama aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Mkuu wa sinagogi akakasirika. Bwana akawakumbusha kwamba kila mmoja wao, siku ya sabato, anafungua ng'ombe ao punda wake na kumpeleka kunywa maji. Kama mnyama anafunguliwa, je, binti huyu wa Abrahamu asifunguliwe?

Angalia vizuri. Yesu hakuwalaumu kwa kumnywesha mnyama. Alikubali kwamba ni kazi njema, hata siku ya sabato. Lakini aliwaonyesha aibu yao: walikuwa na huruma kwa punda, na hawakuwa nayo kwa mama.

Tusiwacheke. Katika makanisa yetu wako akina baba wa namna ile. Mke wake anatoka damu baada ya kuzaa, wakubwa wa jamaa wanasema, "Uza ule mbuzi dume." Yeye anajibu, "Ule hapana, ule ni wa mahari ya kijana." Ndugu yangu, mahari ya kijana itapatikana mwaka ujao. Mama ya kijana hapatikani mara ya pili.

Basi kanuni ya kwanza iwe wazi: siku ya hatari, mtu ni mbele. Mtoto mwenye homa kali, mama mwenye mimba anayeumwa kichwa na kuona giza, mzee asiyeweza kupumua, hao hawangoji mbuzi apone. Hakuna mnyama, hata awe mzuri namna gani, ambaye uhai wake unapimwa na uhai wa mtu.

Kanuni ya pili ndiyo watu wengi wanaisahau: kazi ya kumtunza mnyama inafanywa mbele ya siku ya hatari, wakati feza inayotakiwa bado ni kidogo.

MBWA: HAPA NDIPO WAGONJWA WAWILI WANAKUWA MMOJA

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kuliko kwa mbwa. Kuna ugonjwa unaoitwa kichaa cha mbwa. Waganga wetu wanautaja kwa Kifaransa raje. Shirika la Afya la Dunia linakadiri kwamba unaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika watu 100 wanaoupata, 99 wameupata kwa mbwa. Na katika watu 100 wanaokufa, kama 40 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Ugonjwa huu uko kwetu vilevile. Mwaka 2014 waganga waliandika habari za watoto 21 waliolazwa kwa kichaa cha mbwa katika hospitali ya watoto ya Kalembelembe, Kinshasa. Wengi wao walikuwa wadogo, wa umri wa kuanza masomo ao chini yake. Na si mbwa wa kuzurura tu waliowauma. Wengine waliumwa na mbwa wa nyumbani, yule waliyempa mabaki ya bukari kila jioni.

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba unakaa kimya. Mtoto anaumwa leo, kidonda kinapona, watu wanasahau. Mara nyingi dalili zinaanza baada ya miezi 2 ao 3. Mtoto anakuwa na homa, anaogopa maji, anaogopa upepo, anapiga kelele, hajui mama yake. Hapo watu wanasema: "Ni pepo." Wanamkimbiza kwa mfumu, ao wanamleta kanisani tumfukuze shetani.

Nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wazee wa kanisa na mama wa maombi. Dalili zikiisha kuanza, karibu hakuna anayepona. Lakini mbele ya dalili, karibu kila mtu anaweza kuokolewa. Kwa hiyo saa ya kukimbia ni saa ya kuumwa na mbwa, wakati mtoto bado anacheza. Tutaomba pamoja nanyi, ndiyo, lakini tutaomba njiani kwenda kwa mganga. Mtu asimweke mtoto aliyeumwa na mbwa katika chumba cha maombi siku tatu wakati sindano iko Kalemie.

Mbwa akimuuma mtu, fanya hivi:

1. Osha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Sabuni ya kufulia inafaa. Mchubuko mdogo nao uoshwe, na hata mahali mbwa aliporamba penye kidonda.

2. Usipake makaa, mafuta ya ngazi, majani, wala unga wa betri. Usifunge kidonda kwa nguvu.

3. Nenda kituo cha afya siku ileile. Mwambie mganga waziwazi: "Mbwa ameuma." Atakueleza mahali chanjo ilipo. Chanjo inachomwa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Kama kidonda ni kirefu ao kiko usoni, mara nyingi kunatakiwa na serumu.

4. Kama mbwa anajulikana na anaweza kushikwa bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na ugonjwa huo katika mate yake siku ile aliyouma. Lakini mtoto asingoje siku hizo 10 nyumbani. Anaanza sindano, na mganga ndiye atakayesema kama ziachwe.

5. Mbwa akifa ao akiuawa, asiliwe. Kumchuna mbwa mwenye kichaa kwa mikono yenye mikwaruzo ni hatari kubwa. Azikwe katika shimo refu, bila kumshika kwa mikono mitupu.

Mnakumbuka habari ya Pasteur tuliyosoma shuleni? Tarehe 6 mwezi wa 7, mwaka 1885, mama mmoja wa Alsace alimleta mtoto wake wa miaka 9, Joseph Meister, mpaka Paris. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma mahali pengi. Louis Pasteur alimpa chanjo ambayo ilikuwa bado mpya kabisa, na mtoto akaishi. Mama yule hakungoja kuona kama kidonda kitapona. Alisafiri mara moja. Akina mama wa ziwa, hata ninyi mnaweza kusafiri mara moja.

KUMCHANJA MBWA NI KUMCHANJA MTOTO

Sasa fikiri hesabu. Mtoto mmoja aliyeumwa anahitaji safari, ya barabara mbovu ao ya mtumbwi, mahali pa kulala Kalemie, chakula cha mama na mtoto, na sindano za siku nyingi. Mbwa anahitaji sindano moja kwa mwaka, kuanzia umri wa miezi 3. Nani hawezi kuona ipi ni mzigo mdogo?

Wenye elimu ya ugonjwa huu wamefundisha kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Na jambo hili si ndoto. Ng'ambo ya ziwa ni Tanzania, na katika bahari ya Tanzania kuna kisiwa cha Pemba. Watu wa huko walichanja mbwa wao, na kichaa kikaondoka. Mwaka 2016 kikarudi. Hawakukata tamaa, walichanja tena, mwaka kwa mwaka, mpaka kikaondoka tena. Hawakujenga hospitali kubwa kwa ajili hiyo. Walishika mbwa wao kwa kamba wakawapeleka penye sindano.

Tena kuna neno la Kutoka 21:29. Mtu aliyeonywa kwamba ng'ombe wake ana tabia ya kupiga watu kwa pembe, naye hakumfunga, anahesabiwa kuwa na hatia ng'ombe yule akiua mtu. Wewe unayefuga mbwa mkali na kumwacha azunguke kwenye njia ya watoto wa masomo, soma mstari ule mara mbili.

DAWA YA MTOTO SI DAWA YA KUKU

Hapa nataka kusema na akina mama kwa upole, maana najua mnafanya hivi kwa sababu ya shida. Kuku wanaanza kusinzia, shingo zinapinda, mavi yanakuwa ya kijani. Mtoto anapiga kelele: "Mama, kuku zinakufa zote!" Mama anakwenda kwenye kisanduku, anatoa vidonge vya tetracycline vilivyobaki kwa mtoto, anavivunja katika maji ya kuku. Kuku wanakufa hata hivyo. Wiki inayofuata mtoto anaugua, na dawa imekwisha.

Ugonjwa ule mara nyingi ni Newcastle, ambao jirani zetu wa Tanzania wanauita kideri ao mdondo. Unaletwa na virusi, na dawa za namna ya tetracycline haziui virusi. Ukiisha kuingia lupangoni hakuna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni chanjo, iliyotolewa kuku wakiwa bado wazima. Iko chanjo moja, jina lake I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Inadondoshwa tone moja katika jicho, na inarudiliwa kila miezi 3 ao 4. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa nayo inataka kuwekwa mahali pa baridi.

Mbuzi nao wana ugonjwa wao, ambao waganga wa wanyama wanauita tauni ya wanyama wadogo. Macho na pua vinatoa uchafu, mdomo una vidonda, mnyama anahara na kukohoa. Mwaka 2012 ugonjwa huu uliua mbuzi makumi ya maelfu katika nchi yetu. Haumshiki mtu, lakini unamaliza banki ya mtu kwa wiki mbili. Nao ni wa virusi. Vidonge vya mtoto havitasaidia. Chanjo moja tu inamlinda mbuzi kwa kadiri ya miaka 3.

Na kinyume chake vilevile: dawa ya mbuzi si dawa ya mtu. Chupa iliyoandikwa ya wanyama ina nguvu na kipimo cha wanyama. Usimpe mtoto kwa sababu "minyoo ni minyoo". Tena, ukimpa mnyama dawa, mwulize mganga wa wanyama siku ngapi zipite mbele ya kula nyama, maziwa ao mayai yake.

Chandarua nacho ni neno. Kilitolewa kwa ajili ya mtoto na mama mwenye mimba wasiumwe na mbu. Ukikitandaza juu ya vifaranga ama ukikipeleka ziwani kuvua samaki wadogo, umempa kifaranga na samaki kinga ya mtoto wako. Vifaranga uwafumie tenga.

LUPANGO MOJA, UCHAFU MMOJA

Wengi wanalaza kuku na mbuzi ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Ninaelewa. Lakini mtoto anayetambaa anaokota kila kitu na kukiweka mdomoni, na mavi ya kuku yana vijidudu vya kuharisha. Jenga kibanda kidogo cha miti, kiinuliwe kutoka chini, kiegemee ukuta wa nyumba mahali unapoweza kusikia mlango ukivunjwa. Fagia kila asubuhi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kugusa wanyama. Ziwa letu linajua kolera tangu miaka ya 1970. Kolera haitoki kwa mbuzi, lakini sabuni ile ile inafunga mlango kwa magonjwa yote mawili.

Mwenye nguruwe asikilize zaidi. Nguruwe anayezunguka anakula mavi ya watu. Kama mtu huyo ana tegu tumboni, nguruwe anashika mayai ya mnyoo huo. Na mtu naye, akimeza mayai hayo kwa mikono michafu ao maji machafu, mnyoo mdogo unaweza kufika katika ubongo na kuleta kifafa. Mahali ambapo watu wanaishi pamoja na nguruwe wa kuzurura, kadiri ya 30 kati ya wagonjwa 100 wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Ngapi kati yetu tumemwita kijana mwenye kifafa "mtoto wa wachawi"? Choo kilichofunikwa, nguruwe aliyefungiwa, na nyama iliyopikwa mpaka ndani, vitaokoa watoto wengi na kifafa na masingizio.

Na mnyama aliyekufa mwenyewe, usimle. Mwezi wa 4, mwaka 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa katika mto Ishasha, ndani ya hifadhi ya Virunga, kwa ugonjwa wa kimeta. Kimeta kinashika ng'ombe na mbuzi, na kinashika mtu anayechuna ao kula mzoga. Najua ni vigumu kuzika nyama wakati watoto wana njaa. Lakini ni afazali kulala na sombe kuliko kulala hospitali.

NAMNA YA KUPANGA MFUKO

Basi tupange namna gani? Jaribu njia hii nyumbani kwako.

Kwanza, tenga feza ya watu mbali na feza ya wanyama, hata kama ni vikebe viwili tu. Kikebe cha watu hakiguswi kwa ajili ya mnyama.

Pili, mnyama ajilipie. Kuku wakitaga, watoto wapate mayai, na mengine yauzwe. Sehemu ya feza hiyo iingie katika kikebe cha wanyama kwa chanjo na kamba. Mbuzi akizaa wawili, mmoja awe wa kulipia matunzo ya kundi. Kama wanyama hawawezi kujilipia, huenda ni wengi kuliko nguvu zako. Watatu wazima wanapita kumi wagonjwa.

Tatu, patana na mke wako, na wewe mama na bwana wako, mbele ya shida: mnyama gani atauzwa wa kwanza siku ya ugonjwa? Andika. Siku ile mtu asianze kubisha, wala asiende kumtafuta mjomba amwombe ruhusa.

Nne, gawanya kazi. Katika nyumba nyingi mama anakesha na mtoto mwenye homa, asubuhi analeta maji ya mbuzi, mchana anapika, jioni anatafuta kuku aliyepotea. Baba anarudi kazini anauliza: "Kwa nini mbwa haijakula?" Baba, mbwa ni wa nani? Mtoto akiugua, kazi ya wanyama ihamie kwa baba na vijana mpaka mama apumzike. Wala msimwondoe binti katika masomo ili achunge mbuzi.

Tano, fanyeni pamoja. Chupa ya chanjo ya kuku ina dozi za kuku mamia. Mwenye kuku 6 atainunua namna gani peke yake? Lakini avenyu nzima ikikutana kama katika likelemba, kila nyumba inatoa kidogo, mtu mmoja mwaminifu anatumwa Kalemie, analeta chanjo katika sanduku la baridi pamoja na mganga wa wanyama, na kuku wote wanachanjwa siku moja. Hapo kanisa lina nguvu kuliko mtu mmoja. Tangazo la Jumapili linafika nyumba zote bila kulipa radio. Tarehe 28 mwezi wa 9, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, imekuwa tangu 2007 siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa. Kwa nini kanisa lenu lisiombe wakubwa wa afya na wa mifugo waje siku hiyo?

NENO KWA VIJANA

Ninyi vijana mnajua kila mbwa wa mtaa kwa jina lake. Andikeni orodha: mbwa wangapi, nani mwenyewe, nani amechanjwa. Siku ya chanjo ninyi mtashika kamba. Fundisheni wadogo wenu wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala ao anayenyonyesha. Wasimtupie mawe. Mbwa akiwajia, wasimame wima bila kukimbia.

Na mtoto akimpoteza mbwa wake, msimcheke akilia. Nabii Natani, alipotaka kufungua moyo wa mfalme Daudi, alimsimulia juu ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja aliyelala kifuani mwake kama binti. Mungu anajua kwamba mtu anaweza kumpenda mnyama. Aliye na huruma kwa kidogo hiki atajifunza kuwa na huruma kwa kikubwa.

Wapendwa, mfuko utabaki mmoja, na siku za wagonjwa wawili zitakuja. Mtu awe mbele siku hiyo. Lakini leo, wakati mtoto anacheza na mbwa anatikisa mkia, fanya kile kidogo. Bwana awape hekima katika nyumba zenu. Amina.

MAULIZO YA KUONGEA PAMOJA NYUMBANI

1. Nyumbani kwetu, mnyama gani atauzwa wa kwanza mtu akiugua sana? Sote tumekubali?

2. Mbwa wetu alichanjwa lini? Kama bado, nani ataulizia wiki hii?

3. Mbwa akimuuma mtoto leo usiku, sabuni na maji viko wapi, na tutaenda kituo gani cha afya?

4. Soma Luka 13:10-17. Katika jamaa yetu, ni nani anayengoja kufunguliwa wakati sisi tunashughulika na punda?